Maua ya Ukuta wa Choo

Watu wa mtaa wa Majengo, Kahama, walimwita Safiya Mama Amira, na walimwita kwa adabu, maana asiyekuwa na adabu alisonywa mpaka akakumbuka njia ya kwao. Safiya alijua kusonya. Alimsonya muuza mchicha, alimsonya fundi bomba, alisonya hata taarifa ya habari ikianza. Kwa maoni yake mji ule ulijaa wajinga wa aina mbili: wajinga waliotoka machimboni, na wajinga waliokuwa njiani kwenda huko.

Mjinga wa kwanza kabisa katika hao alilala nyumbani kwake. Huyo alikuwa Nuruddin, shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Alikuja kwenye arobaini ya kaka yake na mfuko mmoja wa plastiki, akala pilau ya hitima, akajinyoosha barazani, na mpaka leo hajaondoka. Ujana wake wote aliumaliza mashimoni, kutoka Nyarugusu mpaka Kharumwa, akitafuta dhahabu, na alichotoka nacho huko ni kikohozi na hadithi. Kila hadithi yake iliishia mahali pamoja: walikuwa wameshaigusa mali, zimebaki koleo mbili tatu tu, kisha shimo likajaa maji, au mwenye shamba akaja na mgambo, au mwenzao mmoja akawageuka. Safiya alizisikia zote akichambua mchele, na hakumwamini hata kwa bahati mbaya.

Angekwisha kumfukuza. Tatizo ni kwamba Amira, binti yake wa pekee, hakuwa na kaka wala babu, na siku ya nikaha ni lazima walii wa kumwozesha asimame. Walii huyo, kwa mujibu wa sheria na kwa balaa la Safiya, alikuwa Nuruddin. Kwa hiyo alimlisha kama mtu anavyomlisha kuku wa sikukuu. Ila kuzungumza naye aliacha. Nuruddin akiuliza jambo alijibiwa kwa msonyo, na msonyo huo ulibeba maana zote: ndiyo, hapana, chakula kipo, toka hapo.

Na nikaha ilikuwa imekaribia kweli. Amira alikuwa amependana na kijana wa Shinyanga mjini aitwaye Sabiti, mtoto wa Mzee Abdulshakur mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Posa ilikwisha kuja. Sasa wazee wa kijana walitaka kuja wenyewe, waione nyumba, wapewe jibu na wapange siku.

Waione nyumba! Hapo ndipo Safiya alipokosa usingizi. Nyumba yenyewe haikuwa mbaya. Choo ndicho kilichokuwa mbaya. Marehemu alikijenga kwa mabati upande wa pili wa ua, kinatazamana na baraza uso kwa uso, mabati yamekula kutu, mlango umefungwa kwa waya. Mgeni akiinua kikombe cha chai anakiona. Akitua kikombe anakiona. Mwaka juzi walikuja watu wa Geita kumtaka Amira, mama yao akaomba kwenda haja, akaenda, akarudi kimya, na tangu siku hiyo hawakupiga hata simu. Safiya aliamini kwa moyo wake wote kwamba choo ndicho kilichowafukuza.

"Mama, kila mtu ana choo," Amira alimwambia.

"Kila mtu ana choo, lakini hakukiweka mbele ya wageni kama duka."

Ndipo akaenda kwa Vasanti, mama yake Hiral, mke wa Rohit wa duka la vifaa vya ujenzi, ambaye uzio wake ulifunikwa na mmea wa kupanda wenye maua ya buluu, makubwa, yanayofunguka asubuhi kama miavuli. Safiya alimdharau Vasanti pia, tena kwa sababu maalumu: mwanamke yule alizungumza na maua yake. Aliyaamkia. Mtu mzima, amefunga khanga juu ya sari, anauliza majani yamelalaje! Lakini shida haina heshima, Safiya akaomba mbegu.

"Zina ganda gumu, Mama Amira," Vasanti alimweleza, akimwekea mbegu nyeusi kiganjani. "Zikwangue kidogo kwa msasa, uziloweke usiku mmoja, halafu panda penye jua. Funga kamba, utapanda wenyewe. Mmea huu una haraka, mwezi wa pili haujaisha unaona maua. Lakini usiupe mbolea. Ukishiba unakupa majani tu."

"Mbolea nitaitoa wapi mimi, Mama Hiral?" Safiya akajibu, akaondoka.

Akazikwangua mbegu, akaziloweka kwenye kikombe, akazipanda kwa mstari mbele ya ukuta wa choo. Akafunga kamba za nailoni kutoka ardhini hadi kwenye paa. Kisha akafanya jambo lililomshangaza hata mshenga: akaagiza wageni waje Jumapili asubuhi, kunywa chai, ilhali watu wenye akili timamu shughuli kama hiyo huifanya baada ya alasiri. Hakueleza sababu. Sababu ni kwamba maua yale hujikunja jua likishapanda, na Safiya hakuwa tayari Mzee Abdulshakur ayakute yamelala.

Mmea ukaota. Ukaota kwa namna isiyo ya kawaida. Mbegu zile zile kwa Vasanti zilitoa majani ya kiasi, lakini kwa Safiya yalitoka mapana kama chapati, meusi kwa afya, na mashina yakapanda kamba kana kwamba yanakimbizwa. Mwezi mmoja tu, ukuta wa choo haukuonekana. Wa pili ulipoanza, mabati ya paa nayo yakapotea. Kitu kimoja tu hakikutokea. Ua halikuonekana, hata moja la kusingiziwa.

Vasanti alikuja kuangalia. Akashika jani, akalipindua, akatikisa kichwa.

"Mama Amira, hapa chini kuna nini? Huu umeshiba mno."

Safiya alijua fika kuna nini. Pale mbele ya choo ndipo palipokuwa na choo cha kwanza, ambacho marehemu alikifukia Amira alipokuwa shule ya msingi, akajenga hiki kingine nyuma yake. Mizizi ilikuwa inakula karamu ya miaka. Lakini mwanamke aliyekuwa akipanda maua ili neno choo lisitamkwe nyumbani kwake asingelitamka yeye mwenyewe, tena mbele ya Vasanti.

"Kuna udongo," akasema. "Kutakuwa na nini?"

Barazani, Nuruddin aliacha kukohoa.

Sasa ni lazima uwafahamu watu wa machimbo, maana akili zao hazitembei kama zetu. Machimboni mtu aliyeiona mali hasemi. Anayesema "hapa ipo" ni tapeli, kila mtu anajua. Anayesema "hapa hakuna kitu", akageuza uso na kuondoka haraka, huyo ndiye wa kufuatwa. Nuruddin alilelewa na elimu hiyo mpaka ikaingia kwenye mifupa. Akautazama ule mmea ulionona pasipo mbolea. Akamtazama shemeji yake aliyegeuza uso. Jioni akamsogelea alipokuwa akianua nguo.

"Shemeji, samahani. Pale chini ya maua pana kitu gani hasa? Kaka aliwahi kukwambia?"

Safiya akasonya, tena msonyo mrefu, wa daraja la kwanza, akaingia ndani na ndoo ya nguo. Laiti angalimjibu kwa maneno matatu tu. Lakini kumjibu Nuruddin ilikuwa ni kumpa hadhi, na hadhi hakuwa tayari kumpa.

Nuruddin alibaki uani na jibu lake. Aliridhika nalo kabisa.

Wiki ile ya wageni, matumba yakatokea. Safiya aliyaona Alhamisi alfajiri, membamba, yamejisokota, ncha zake zina buluu kwa mbali, mengi kuliko alivyoweza kutumaini. Akayagusa kwa kidole. Akajikuta anayaambia, "Msiniangushe," kisha akageuka upesi kuangalia kama Vasanti yuko kwenye uzio. Furaha ilimjaa mpaka akamwekea Nuruddin kipande cha nyama kilichokuwa cha kwake.

Ijumaa akapanda basi kwenda Chato, kwa dada yake, kuchukua sato wa kupikia wageni, maana samaki wa sokoni Kahama aliwadharau pia. Akamwachia Amira nyumba. Jumamosi mchana akarudi na sanduku la samaki na barafu, na kabla hajafika getini akaona watu wamesimama nje na ndoo.

"Kuna msiba?" akauliza.

"Hongera, Mama Amira," mmoja akamwambia, na wengine wakapisha njia kwa heshima ambayo hajawahi kuipata maisha yake yote.

Uani, mbele ya choo, palikuwa na shimo. Kichwa cha Nuruddin kilionekana na kutoweka kila alipoinama na koleo. Pembeni yake alisimama mwanamume mwenye kofia ya manyoya na nyaya mbili za shaba mkononi. Huyo ni Stanslaus, mtaalamu wa kupima mali, ameletwa kutoka Kharumwa. Na mbele ya Stanslaus, likiwa limejaa tope jeusi, lilikuwa karai la Safiya la kukandia unga.

Amira alikuwa ameketi kizingitini, macho mekundu. "Nimewakataza tangu jana, Mama. Baba mdogo anasema yeye ndiye walii wangu, nisimwamrishe. Simu yako haikupatikana."

Safiya hakumsikia vizuri. Alikuwa anautazama mmea. Sululu ilikuwa imeikata mizizi yote kwa mstari ulionyooka, na majani yale mapana yalining'inia kwenye kamba kama matambara ya deki. Matumba yalikuwa yamelegea. Kutu ya mabati ilichungulia kila mahali.

"Mayu, mama yangu, usiogope," Stanslaus akasema. "Nyaya zimekutana zenyewe. Na watu wa kale walishapita hapa, alama tumezipata." Akaelekeza kidole kwenye kifusi. Juu yake vilikuwepo vipande vya chupa, na kandambili moja ndogo ya plastiki, nyekundu.

"Nuruddin!" Safiya akapiga kelele. Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja jina kwa miezi. "Toka humo! Hicho ni choo! Ni choo cha zamani, kaka yako alikifukia kwa mikono yake!"

Nuruddin akainua uso uliojaa tope, akatabasamu kwa huruma.

"Shemeji, nilipokuuliza hukusema choo," akasema taratibu. "Leo tumefika kwenye udongo mweusi ndiyo kimekuwa choo?"

"Harufu huisikii, mjinga we?"

"Hiyo ni hewa ya mwamba."

Safiya akaapa, akatukana, akawafukuza wenye ndoo, wakasogea mpaka ng'ambo ya barabara wakasimama tena. Stanslaus aliondoka na nyaya zake akiahidi kurudi. Nuruddin alitoka shimoni magharibi kwa ajili ya chakula, akala kwa wingi. Asubuhi Safiya alikwenda ukutani kabla hata ya kuwasha jiko. Hakuna tumba hata moja lililofunguka. Yalikuwa yamenyauka yakiwa yamefungwa, laini na meusi, yakabaki kidoleni alipoyagusa. Akalia pale pale, kwa hasira, akijifuta kwa upindo wa khanga. Kisha akaweka zulia juu ya mbao, mbao juu ya shimo, akajifukiza udi, akasubiri.

Mzee Abdulshakur alifika na dada yake, Bi Chausiku, mwanamke mwenye macho ya kupimia nguo. Safiya alijiandaa kuona macho hayo yakienda kwenye choo. Hayakwenda. Getini walikuwa wamechelewa kidogo, wakizungumza na wale wenye ndoo.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, dada. Karibuni ndani, jua kali."

"Marahaba, marahaba. Tukae hapa hapa nje, mkwe wetu," Mzee Abdulshakur akasema, na akalisogelea zulia. Akalisukuma kwa mkongojo. Watu wa heshima! Watu wa mashine ya mpunga, wa kanzu iliyopigwa pasi mpaka inasimama! Mzee akachuchumaa ukingoni mwa shimo, akachota udongo mweusi, akausugua kati ya vidole, akaunusa kwa kina, akafumba macho.

"Una uzito," akasema.

"Si ndivyo, mzee?" Nuruddin akadakia kutoka nyuma, amevaa kanzu ya marehemu. "Una uzito kabisa."

Bi Chausiku akainama kama anafunga kiatu, na Safiya akamwona akifunga bonge kwenye leso na kulitia mkobani. Chai ilipoa. Sato wa Chato walikaa mezani wanatoa macho. Hakuna aliyeuliza Amira yuko wapi, anajua kupika nini, amesoma mpaka wapi. Mzee Abdulshakur alisema wao kama familia hawakuwa na neno, siku ipangwe hata Ijumaa ijayo, ila ingekuwa vizuri vijana waandikiwe sehemu yao ya ardhi mapema, upande huu wa ua, ili kusije kukawa na maneno baadaye.

Na Safiya, tusimfiche, alikaa kimya. Aliona jinsi Bi Chausiku alivyomsogezea mto mgongoni. Aliona harusi, aliona mtaa mzima ukimpisha njia. Alichotakiwa kufanya ni kutosema kitu, na kutosema ndiyo kazi aliyoizoea. Lakini akamtazama yule mzee, kucha zake zimejaa kinyesi cha miaka kumi na zaidi, na dharau ikampanda kooni mpaka ikamshinda nguvu.

"Mzee wangu," akasema, "hicho ulichokinusa ni choo."

Mzee Abdulshakur akacheka kidogo, kiungwana. Bi Chausiku akamgusa goti. "Mama Amira, tumeshakuwa ndugu. Tusifichane."

"Nasema ni choo! Tulikitumia sisi!"

"Anafanya hivi tangu jana," Nuruddin akawanong'oneza, na wageni wakaitikia kwa vichwa, wakimtazama Safiya kwa heshima iliyozidi kuongezeka.

Amira akatoka ndani. Alikuwa amevaa gauni lake la shughuli na hina mikononi. Alipita mbele ya wageni, akawaamkia, akaenda kwenye kifusi, akainama, akaokota ile kandambili nyekundu. Akaigeuza. Akawaonyesha mkanda uliofungwa kwa uzi wa nailoni.

"Hii ni yangu," akasema. "Nilikuwa darasa la pili. Ilinitoka mguuni ikatumbukia, nikalia, baba akanibeba. Uzi huu alifunga yeye. Mkichimba zaidi mtapata na kopo la kutawadhia."

Mzee Abdulshakur aliviangalia vidole vyake. Akavitenga na mwili, akatafuta pa kuvifutia, kanzu ikamkataza. Bi Chausiku akafungua mkoba, akatazama ndani, akaufunga haraka. Kisha wakakumbuka kwamba safari ya Shinyanga ni ndefu, na kwamba mambo ya ndoa hayataki pupa, na kwamba watapiga simu. Mlio wa gari lao ulisikika mpaka kwenye kona.

"Umefanya nini, mwanangu?" Safiya akasema. "Si ulimtaka Sabiti?"

"Namtaka." Amira alikuwa bado ameshika kandambili. "Lakini Mama, miezi miwili unaniandalia maua. Leo baba mdogo ananiandalia shimo. Kuna mtu hapa aliyetaka wanione mimi?"

Safiya akafungua kinywa asonye, na msonyo haukuja. Alitazama kamba zake za nailoni, alitazama shimo, akamtazama Nuruddin na kanzu ya kuazima, na kwa mara ya kwanza tangu shemeji yule aingie nyumbani alishindwa kuona nani kati yao ana haki ya kumdharau mwenzake. Jambo hilo lilimuuma kuliko kuondoka kwa wageni.

Simu ya Amira ikalia. Ni Sabiti. Uso wa binti ukafunguka wote, akaiweka sauti kubwa ili mama naye asikie, maana alijua atakalosema.

"Amira," Sabiti akasema, anahema, "baba amenipigia wakiwa njiani. Sikiliza mpenzi wangu, usijali hata kidogo. Ila niambie tu. Mmechimba mpaka wapi? Una hakika chini ya choo hakuna kitu?"

Amira akaisikiliza ile simu inavyopumua. Kisha akavuka ua, taratibu, akapita kwenye majani yaliyonyauka, akamnyooshea Nuruddin.

"Baba mdogo, pokea. Ni mwenzako."

Nuruddin akafuta mkono kwenye kanzu ya marehemu, akaipokea, akakohoa kwanza. "Halo, ndugu yangu," akasema, na akasogea pembeni ili asisikike. Safiya akachukua koleo. Akachota kifusi, akakimwaga shimoni, na Amira akavua viatu vyake vya shughuli akaja kumsaidia.